Mashine pepe zinaongea, nani anasikia? Kunasa pakiti, kuakisi poti, rekodi za mtiririko au wakala wa ndani

Grafu ya swichi ilikuwa imelala kabisa. Mashine pepe mbili (kompyuta za kiprogramu zinazoendeshwa ndani ya seva), moja ya programu ya wavuti na nyingine ya hifadhidata, zilikuwa zinasukumiana data mpaka seva ikawa inahema, lakini poti iliyoiunganisha seva ile na swichi ilionyesha megabiti chache tu. Fundi wa mtandao akasema mtandao uko salama, angalieni hifadhidata. Fundi wa hifadhidata akasema hifadhidata iko salama, angalieni mtandao. Kila mmoja alikuwa na skrini yake ya kumthibitisha, na hakuna aliyedanganya.

Kilichowachanganya ni kwamba mashine zote mbili zilikuwa kwenye hosti moja, yaani seva moja halisi. Pakiti inayotoka kwenye moja kwenda kwa mwenzake wa hosti ileile, wote wakiwa VLAN moja (mtandao mmoja uliotengwa kimantiki), haigusi waya wowote. Swichi pepe iliyo ndani ya hipavaiza, programu inayoendesha mashine pepe, huipokea kutoka kwenye kadi pepe ya mtumaji na kuikabidhi kwenye kadi pepe ya mpokeaji, kazi yote ikiishia ndani ya RAM. Swichi ya chuma iliyo kwenye raki haina habari. Zikiwa VLAN tofauti, pakiti hutoka nje kwenda kwa ruta na kurudi, hapo swichi ya chuma itaiona, tena mara mbili. Ila kama ruta yenyewe ni mashine pepe ndani ya hosti hiyohiyo, tumerudi kulekule gizani.

Kwa hiyo kabla hujabishana kuhusu chombo, chora njia ya pakiti kwenye karatasi. Vyombo ninavyovilinganisha hapa vinatofautiana zaidi kwa mahali vinaposimama kwenye njia hiyo kuliko kwa uzuri wa skrini zake.

Kunasa pakiti: ndani ya mashine au kwenye hosti?

Wengi wetu tunaanza kwa kuingia ndani ya mashine na kuwasha tcpdump, programu ya kunasa pakiti. Chombo hiki kipo tangu 1988 na hakihitaji ruhusa ya anayesimamia hipavaiza, unahitaji root (mamlaka ya msimamizi mkuu) ya mashine hiyo tu. Kwa tatizo la haraka kwenye mashine uliyo na funguo zake, sioni sababu ya kutafuta kingine. Udhaifu wake unaonekana pale mashine inapokuwa ni kasha lililofungwa na muuzaji, au inapokuwa imezidiwa kiasi kwamba kunasa pakiti kunaongeza mzigo juu ya mzigo, au unapoishuku kuwa imevamiwa. Aliyeingia na root anaweza kuifanya tcpdump ya humo ikuonyeshe anachotaka yeye.

Kwenye hosti unasimama nje ya mashine, na mashine haijui. Kwenye KVM, hipavaiza ya Linux, kila kadi pepe ina kiungo chake cha tap (ncha ya pili ya kadi hiyo) upande wa hosti: `virsh domiflist` itakuambia jina lake, mara nyingi vnet0, vnet1 na kuendelea. Proxmox huyaita kwa namba ya mashine, kwa mfano tap101i0, jambo linalorahisisha maisha. ESXi, hipavaiza ya VMware, ina pktcap-uw tangu toleo la 5.5, nayo ina uwezo nisioupata kwingine kirahisi: unachagua kunasa kabla au baada ya swichi pepe, na unaweza kuiambia ikuonyeshe pakiti zilizotupwa tu. Hyper-V ya Microsoft inakuja na pktmon kuanzia Windows Server 2019. VirtualBox nayo huandika faili la pcap moja kwa moja ukiiwekea `--nictrace1 on` pamoja na `--nictracefile1`.

Hii ndiyo amri niliyoitumia siku ile, nikiiendesha kwenye hosti:

`tcpdump -ni vnet3 -s 96 -C 100 -W 20 -Z root -w /var/tmp/db.pcap host 10.0.5.14 and port 5432`

`-s 96` inabakiza baiti 96 za mwanzo wa kila pakiti, zinazotosha kuona vichwa vya IP na TCP bila kubeba sehemu kubwa ya data za watu. `-C 100` na `-W 20` vinaizungusha kwenye mafaili 20 ya megabaiti 100 kila moja, hivyo hata ukisahau ukaenda kulala, diski haitajaa zaidi ya gigabaiti 2. `-Z root` niliijua kwa kuumia: kwenye baadhi ya matoleo ya Linux, tcpdump huachia mamlaka ya root mara tu inapoanza, na faili la pili linapotakiwa kufunguliwa inakwama kwa kukosa ruhusa. Unaamka asubuhi una faili moja.

Niliinasa pia vnet1, ya mashine ya wavuti, kwa wakati mmoja. Hapa ndipo hosti inapoishinda kabisa mbinu ya kunasa ndani ya mashine. Ukinasa ndani ya mashine mbili una saa mbili, na zikipishana milisekunde chache tu, huwezi kusema pakiti ilichelewa wapi. Kwenye hosti saa ni moja. Nilichokiona ni hiki: swali lilitoka vnet1 na kufika vnet3 papo hapo. Baada ya takriban milisekunde 40, kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ya mashine ya hifadhidata ikarudisha ACK tupu, maana yake "nimepokea, nangoja programu ijibu". Jibu lenyewe likaja baada ya milisekunde 380, tena likiwa na megabaiti kadhaa. Hakuna pakiti iliyotumwa upya hata moja. Mtandao ukaachiwa huru. Swali moja lilikuwa linavuta jedwali karibu zima kila ukurasa unapofunguliwa.

Jambo moja la kukuondolea hofu: ukinasa kwenye hosti utaona pakiti za kilobaiti 20, 40, hata 60, ilhali MTU, ukubwa wa juu wa pakiti, ni baiti 1500, na tcpdump ikiwa kwenye `-vv` italalamika kwamba cheksamu (namba ya kuhakiki pakiti) si sahihi. Usianze kubadilisha kadi. Kazi ya kukata pakiti na kujaza cheksamu imeachiwa kadi ya mtandao, na pakiti isiyofika kwenye kadi halisi hukutwa kabla haijakatwa.

Kuakisi poti

Kunasa kwa mkono ni kwa tatizo unalolijua. Ukitaka mtambo wa kugundua wavamizi, kama Suricata au Zeek, uone kila kitu saa 24, unahitaji nakala ya trafiki iende kwake yenyewe. Uakisi ndio huo.

Open vSwitch, swichi pepe ya programu huria, inao bila gharama: unaunda mirror, unataja poti za kuakisiwa na poti ya kupokelea. Kumbuka kwamba poti ya kupokelea inakuwa ya kazi hiyo tu, chochote cha kawaida kinachoingia humo hutupwa, kwa hiyo kihisi chako (mtambo huo wa kugundua wavamizi) kinahitaji kadi ya pili kwa ajili ya usimamizi. Hyper-V inakuwekea chanzo na kituo kwenye mipangilio ya kadi pepe. Daraja la kawaida la Linux (bridge, swichi pepe iliyojengwa ndani yake) halina uakisi wa jina hilo, ila `tc` ikitumia kitendo cha mirred hufanya kazi hiyohiyo.

Kwa daraja hilo la Linux utakutana na ushauri wa mkato: weka muda wa kukumbuka anwani za MAC (za kadi za mtandao) kuwa 0. Unafanya kazi, kwa sababu daraja likisahau kila anwani hulazimika kumwaga kila pakiti kwenye kila poti. Umegeuza swichi kuwa habu. Kihisi chako kinasikia, na mashine nyingine zote zilizomo zinasikia pia. Kwa maabara ya nyumbani, sawa. Kwingineko sikubali.

VMware ina hadithi yake. Swichi pepe ya kawaida, ile isiyosambazwa kwenye hosti nyingi, haina uakisi. Ina hali ya kusikiliza yote, ambayo huwashwa kwenye kundi la poti, na mashine yoyote ndani ya kundi hilo inaweza kusikiliza trafiki ya VLAN hiyo. Watu huiwasha kwenye kundi lenye mashine zao zote za kazi, wakidhani wameiwasha kwa ajili ya kihisi tu. Njia salama ni kuunda kundi jipya la poti lenye VLAN ileile, kuiwasha humo tu, na kumweka humo kihisi peke yake. Ukiwa na swichi iliyosambazwa unapata uakisi wa kweli, unaoifuata mashine hata inapohamia hosti nyingine, lakini swichi hiyo haimo kwenye kila leseni.

Sasa hesabu ya gharama, maana uakisi ndio watu wanaoukimbilia kwanza na kuujutia baadaye. Gigabiti 1 kwa sekunde ni megabaiti 125 kwa sekunde, gigabaiti 450 kwa saa, karibu terabaiti 10.8 kwa siku. Hiyo ni hosti moja yenye shughuli za wastani. Kihisi kikiwa kwenye hosti nyingine, trafiki ambayo haikuwahi kugusa waya sasa inatoka kwenye waya, tena kwenye kiungo kilekile kinachobeba kazi za kweli. Ukiifunga ndani ya VXLAN (bahasha ya kusafirisha pakiti) ili ivuke mitandao, kila pakiti inaongezeka baiti 50, kwa hiyo njia yenye MTU ya 1500 haitoshi kwa pakiti iliyojaa. Na ukiakisi kila poti kwa pande zote mbili, kuingia na kutoka, unaweza kupata kila pakiti mara mbili, kisha mchambuzi akakuandikia ripoti ndefu ya pakiti zinazotumwa upya ambazo hazipo. Kwa mashine za hosti moja, akisi upande mmoja tu.

Juu ya yote hayo, sehemu kubwa ya utakachokinakili kimesimbwa. TLS 1.3, itifaki ya kusimba mawasiliano iliyochapishwa kama RFC 8446 mwaka 2018, inaficha hata cheti cha seva. Bado kuna cha kuona, kama jina la seva linaloombwa, ukubwa na mpangilio wa mazungumzo, lakini ukilipia terabaiti 10 kwa siku ili kuona hayo, jiulize kama hakuna njia nyepesi.

Rekodi za mtiririko

Njia nyepesi ipo, nayo ni ya zamani. Cisco ilileta NetFlow mwaka 1996, na IPFIX ya RFC 7011 ya mwaka 2013 ndiyo sura yake ya viwango vya pamoja. Badala ya kubeba pakiti, swichi pepe inaandika muhtasari: 10.0.5.14 poti 48122 kwenda 10.0.5.21 poti 5432, TCP, pakiti 1,204, baiti 873,000, ilianza saa fulani, ikaisha saa fulani. Hakuna yaliyomo. Mazungumzo ya gigabaiti nzima yanakuwa mstari mmoja au michache.

Ningekuwa na rekodi hizi siku ile ya mabishano, mstari mmoja ungetosha kuonyesha kwamba hifadhidata inamwaga megabaiti kwa kila ukurasa. Zisingeniambia kwamba ACK ilikuja kabla ya jibu, hilo ni la kunasa pakiti peke yake, lakini zingenipeleka kwenye vnet3 ndani ya dakika tano badala ya siku nzima. Nyingine nisiyoidharau ni historia. Pakiti za wiki tatu zilizopita hakuna anayezitunza, ila rekodi za mtiririko za miezi sita zinakaa kwenye diski ya kawaida. Siku mtu akikuuliza mashine iliyovamiwa iliwahi kugusa mashine gani nyingine, swali hilo linajibiwa hapa.

Open vSwitch inatoa NetFlow, IPFIX na sFlow. Swichi iliyosambazwa ya VMware inatoa IPFIX. Upande wa kupokea, nfdump na pmacct ni za bure na hazina mbwembwe. Ntopng ni kwa anayetaka picha.

Mtego wake ni saa. Mtiririko mrefu haurekodiwi hadi uishe au hadi muda wa kikomo ufike, na kwenye vifaa vingi vya Cisco kikomo hicho kwa chaguo-msingi ni dakika 30. Nakala ya akiba iliyoendelea kwa nusu saa inatua kwenye grafu yako kama mnara wa dakika moja. Shusha kikomo hadi sekunde 60 kabla hujaanza kuamini grafu.

sFlow, ya RFC 3176 mwaka 2001, inakaa kwenye kapu hilohilo lakini hufanya kazi tofauti: huchukua pakiti moja katika kila N na kutuma mwanzo wake. Ni nyepesi mno kwa swichi. Usahihi wake unategemea sampuli ulizokusanya, si ukubwa wa mtandao: kosa la juu, kwa uhakika wa asilimia 95, ni takriban 196 ikigawanywa kwa kipeuo cha pili cha idadi ya sampuli. Sampuli 10,000 zinakupa kosa lisilozidi asilimia 2, sampuli 100 zinakupa karibu asilimia 20. Kwa swali la nani anakula mtandao, sFlow inatosha na kubaki. Kwa mvamizi anayetuma pakiti mbili kila saa, sampuli ya 1 kwa 400 itampita bila kumgusa. Hapo chukua IPFIX isiyochukua sampuli.

Wakala ndani ya mashine

Wakala ni programu unayoiweka ndani ya mashine ili iangalie trafiki yake, na huyu nitamaliza naye haraka. Ni yeye pekee anayejua jina la programu iliyotuma pakiti. Wengine wote wanakuambia 10.0.5.14 ilizungumza na 10.0.5.21, wakala anakuambia ni mchakato gani, wa mtumiaji gani. Wa siku hizi wanatumia eBPF, njia ya kuendesha programu ndogo ndani ya kerneli ya Linux, iliyofunguliwa kwa programu za nje ya kerneli kwa toleo la 3.18 mwishoni mwa 2014, na mzigo wao ni mdogo. Wanaweza hata kuona data kabla haijasimbwa. Lakini lazima wawekwe kwenye kila mashine, na mashine iliyosahaulika ndiyo itakayokuuma. Tena, kama ilivyo kwa tcpdump ya ndani, mwenye root anaweza kumziba mdomo. Kwa makontena (programu zilizofungashwa na kutengwa) yaliyojaa ndani ya mashine moja, hata hivyo, sioni mbadala wa maana, kwa sababu trafiki kati yao haifiki hata kwenye swichi pepe ya hosti.

Ukiwa kwenye wingu la kukodi

Hapo hosti si yako, kwa hiyo nusu ya makala hii haikuhusu. AWS, wingu la Amazon, inatoa rekodi za mtiririko tangu 2015, zinazojumlishwa kila dakika 10 usipobadilisha, au kila dakika 1 ukitaka. Hazirekodi maswali yanayokwenda kwenye DNS (huduma ya majina) ya Amazon, wala DHCP (ugawaji wa anwani), wala anwani ya 169.254.169.254 (ya taarifa za mashine yenyewe), na anayetafuta data inayotoroshwa kwa DNS anahitaji kulijua hilo mapema. Uakisi ulikuja 2019, unatumwa kwa VXLAN kwenye UDP 4789, na unahesabiwa kwenye upana wa mashine husika. Msongamano ukitokea, nakala ndiyo inayotupwa kwanza. Ni uamuzi mzuri kwa huduma, mbaya kwa anayedhani ana ushahidi kamili.

Pale vyote vinapopofuka

Kama mashine zako zinatumia SR-IOV, sahau tap. Kila mashine imepewa kipande cha kadi halisi, na pakiti kati ya vipande viwili inageuzwa ndani ya kadi yenyewe. tcpdump ya kwenye hosti haitaona kitu, swichi pepe haitaona kitu, na swichi ya raki nayo vilevile. Unabaki na kunasa ndani ya mashine, wakala, au uwezo wa kadi yenyewe kuakisi kama inao. DPDK ni afadhali kidogo: inaikwepa kerneli, hivyo tcpdump ya kawaida haiambulii kitu, lakini Open vSwitch ina ovs-tcpdump, inayojitengenezea uakisi wa muda.

Ningechagua nini

Rekodi za mtiririko kwenye swichi pepe za hosti zote, zikiwa zimewashwa muda wote, hata kama huna tatizo leo. Kunasa kwenye tap kwa amri kama ile ya juu, pale rekodi zinapokunyooshea kidole. Kwa watu wengi hapo ndipo mwisho, na gharama yake ni saa chache za kazi na diski moja. Uakisi ningeuwasha kwa mashine chache zenye siri, tena pale tu palipo na mtu wa kusoma tahadhari za Suricata kila siku. Nimeona vihisi vya bei kubwa vikizungusha terabaiti kwa mwaka mzima bila mtu kufungua skrini yake. Wakala ningemweka kwenye makontena, kwenye SR-IOV, na kwenye mashine ambazo ni lazima nijue mchakato.

Chochote utakachochagua, kijaribu kwa mzigo unaoujua. Weka mashine mbili kwenye hosti moja, kisha toka moja kwenda nyingine tuma:

`iperf3 -u -c 10.0.5.21 -b 200M -t 60`

Hiyo ni gigabaiti 1.5 za data, pakiti zaidi kidogo ya milioni 1. Rekodi za IPFIX zinatakiwa kuonyesha gigabaiti 1.5 na ziada ya vichwa. sFlow ya 1 kwa 400 itakuwa na sampuli kama 2,590, kwa hiyo kosa likizidi asilimia 4 kuna kitu hakijakaa sawa. Kihisi cha uakisi kikionyesha gigabaiti 3, unaakisi pande mbili. Kikionyesha 0.9, kinadondosha pakiti.

Kisha hamisha mashine moja kwenda hosti nyingine ikiwa inafanya kazi, na urudie. Mara nyingi uakisi hufia hapa kimyakimya, kwa sababu uliuandika kwa jina la vnet3, na kule ilikohamia mashine inaitwa vnet7.